Waya wa Rangi ya Chungwa

Geti la nyumba ya shemeji yangu lina ufunguo mmoja, na ufunguo huo anatembea nao kwenye mfuko wa shati. Ukitaka kutoka, unamtafuta. Ukimkosa sebuleni, unamgongea chumbani. Ukimkuta anaoga, unasubiri amalize, ajipake mafuta, avae, achane nywele zake tatu zilizobaki, ndipo aje akufungulie huku akikuuliza unakwenda wapi, kwa nani, na kwa nini usiende kesho. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningeshamchukia nikapumzika.

Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na watu wote humwita Mkubwa. Mke wake alitangulia mbele ya haki zamani, watoto wake wako mbali na wana mambo yao, nyumba ikabaki na vyumba vingi na mtu mmoja. Tulipooana alituambia, "Mtapangaje chumba cha watu na nyumba ipo?" Mume wangu akasema sawa. Tukaingia chumba cha uani kwa muda, na muda huo ukaota mizizi. Dirisha letu linatazama ukuta. Kitanda, kabati, pazia, hata ndoo ya kuogea, vyote ametupa yeye. Akija kututembelea, hodi anaipiga akiwa tayari amesimama katikati ya chumba. Swichi kuu ya umeme iko chumbani kwake, na akiona tumewasha taa mchana, anatuzimia. Kwa wema tu, tusiumie macho.

Mume wangu nimempa jina la Sawa, kwa sababu ndilo neno lake. Ukimwambia mvua inanyesha, sawa. Ukimwambia mvua hainyeshi, sawa vilevile. Nampenda, lakini kuna siku natamani nimtikise kama chupa ya dawa. Na si yeye peke yake. Katika familia yao mkubwa haambiwi hapana. Anaambiwa sawa, anaambiwa tutaangalia, anaambiwa Mungu akipenda, kisha watu wanazunguka nyuma na kufanya wanalotaka kimyakimya. Wana desturi nyingine pia: kitu chochote kipya kikiingia nyumbani, mkubwa ndiye anayekiwasha kwanza. Bomba jipya, analifungua yeye. Taa mpya, anaiwasha yeye. Mara moja nilinunua pasi nikanyoosha blauzi yangu bila kumngoja, na kwa wiki nzima alinisalimia kama anayemsalimia mgonjwa.

Mimi nachora ramani za nyumba. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imenipa kazi ya majaribio: michoro ya zahanati, pamoja na picha za rangi zinazomwonyesha mteja jengo litakavyokuwa, kuta, madirisha, mpaka kivuli cha mti mlangoni. Nilitakiwa kuikabidhi Jumatatu asubuhi. Wakiipenda, wananipa mkataba. Nikipata mkataba, tunapanga chumba chetu. Nilishakwenda kukiona hicho chumba, na mwenye nyumba alinipa ufunguo mkononi nijaribu kitasa. Niliufungua na kuufunga mlango ule mpaka akaniuliza kama una tatizo.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imechoka. Nikiiagiza itengeneze picha moja, ilivuma, ikapata joto, ikazima. Mkubwa aliposikia, akasema, "Ya nini kuteseka? Njoo utumie yangu, iko sebuleni." Nilikwenda. Alikaa kwenye kochi nyuma yangu, mguu juu ya mguu, ufunguo ukilialia mfukoni, na kila nikichora kitu alikuwa na neno. "Mlango huo mdogo, shemeji. Mtu mnene atapitaje?" "Choo mbona kiko huko?" "Hapo ningeweka dirisha." Nikasema sawa, shemeji, sawa, shemeji. Siku ile nilirudi chumbani na zahanati yenye madirisha mpaka stoo, na nikaapa sikai tena kwenye kiti kile.

Ndiyo maana nilijibana mpaka nikanunua prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta, ile ya mezani, pamoja na mazabodi yake, yaani ubao mkuu ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake. Kasha nilishapata, jeusi, lenye ubavu wa kioo, na kadi ya picha niliuziwa na mchoraji mwenzangu. Nilibakiza vitu viwili: ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, na pawa saplai ya kulisha umeme. Fundi wa duka la kompyuta, mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, tunayemwita Mama Pini kwa sababu hauzi kitu kabla hajakuuliza kina pini ngapi, alinieleza vizuri.

"Prosesa yako hii ni ya kizazi kipya," aliniambia. "Na ubao wake unakubali ramu ya kizazi cha tano tu. Usiniletee ya nne ukaniambia inafanana. Chukua mbili zilizofungwa pamoja kwenye pakiti moja, pacha, usichanganye moja ya huku na moja ya kule. Na pawa, usibane. Prosesa inakula, kadi ya picha inakula zaidi, na zote zikishtuka kwa pamoja, pawa dhaifu inazimika kazi ikiwa katikati. Wewe wati mia saba na hamsini zitakutosha, hutakuwa roho juu."

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kunieleza jambo kisha akanyamaza ili nichague mwenyewe. Lakini ili nirudi dukani kununua, ilibidi nifunguliwe geti.

"Ramu?" Mkubwa aliuliza, ufunguo mkononi. "Na pawa saplai? Usinunue! Vitu vipo!"

Akarudi ndani na kutoka na boksi la vitu vya ofisi yake ya zamani. Mle mlikuwa na ramu mbili zilizovaa bati jekundu, na pawa saplai nzito yenye stika ya namba ya ofisi mgongoni na bonde kwenye kona, ilipoangukia siku moja. Ilikuwa aina ile ambayo nyaya zake zinachomoka, unachomeka unazohitaji tu. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, isipokuwa ule wa kulisha diski. Huo alikuwa ameuvalisha mwenyewe kitambaa cha rangi ya chungwa, uzi kwa uzi, zamani hizo akiwa na mkewe na wakati.

"Huu ukikaa kwenye kioo, mtaniambia," alisema, akiunyoosha kwa vidole.

Mume wangu akasema sawa, kaka. Mimi nikasema ahsante, shemeji. Moyoni nilikuwa nauma meno.

Tulianza na ramu. Mkubwa alitaka kuichomeka mwenyewe. Aliinama juu ya ubao mezani kwetu, akaiweka juu ya mfereji wake, akasukuma. Haikuingia. Akaigeuza, akasukuma. Haikuingia. Chini ya ramu kuna mkato mdogo unaotakiwa kukaa juu ya kizuizi cha ubao, na mkato wa kizazi cha nne hauko mahali pamoja na wa kizazi cha tano. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imegoma," alisema mwishowe, akihema.

Sitaficha, nilifurahi hadi nikageukia ukutani nisionekane. Hatimaye ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kilichoweza kumwambia Mkubwa hapana usoni, na hakikufanywa kitu. "Basi hiyo kanunueni," alisema. "Lakini pawa ni hii hii. Pawa ni pawa."

Haikuwa hivyo. Kwenye lebo yake, pale ilipokuwa haijafutika, ilisomeka wati mia nne, tena za zamani, na feni yake ilikuwa ikigonga kama kijiko ndani ya kikombe. Nilipompelekea Mama Pini picha ya lebo, alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Hii itakuzimia kila ukitengeneza picha," alisema. "Na ikifa vibaya, inakufa na wenzake."

Mwanamke mwingine angerudi nyumbani akasema, shemeji, pawa yako haitoshi, ahsante. Sentensi fupi kabisa. Niliifanyia mazoezi njia nzima. Nilipofika getini, Mkubwa akanifungulia huku akitabasamu, akaniuliza, "Eh, pawa yangu wamesemaje?" na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wameisifu, shemeji." Kumbe na mimi nilishakuwa wa ukoo ule.

Tukala njama, mimi na Sawa. Ramu niliileta mimi waziwazi. Pawa mpya aliifuata yeye, akaiingiza ndani ya kapu la nguo, chini ya mashuka aliyotoka nayo kwa dobi. Nilikuwa nachungulia uani.

"Nguo mbona nzito hivyo?" Mkubwa alimuuliza getini.

"Hazijakauka vizuri, kaka."

"Dobi huyo muache. Nitakutafutia mwingine."

"Sawa, kaka."

Jumamosi mchana tulifunga pazia, tukafunga na mlango, tukaanza kuunga. Pawa mpya ilikaa chini ya kasha, ndani ya chumba chake chenye kifuniko, hata haionekani kwenye kioo. Nyaya zake zote zilikuwa nyeusi. Ya Mkubwa tuliisukuma chini ya kitanda. Ramu pacha ziliingia kwenye mifereji yake kwa sauti ya tak, tak, bila kubembelezwa. Prosesa nilishaikalisha, nikaipaka dawa yake ya joto, nikaifunga feni. Diski niliitoa kwenye kompyuta ya zamani. Humo ndimo mlimokuwa na zahanati yote. Sawa akashika kitufe, akanitazama.

"Tusimngoje?"

"Jaribio halihesabiwi," nilimwambia. "Bonyeza."

Ikawaka bila kelele. Kwenye skrini ikataja prosesa, ikataja ramu zote mbili, ikataja diski. Machozi yalinitoka. Nilichora mchana ule wote nikiwa nimejifungia kwenye chumba chenye joto, pazia limefungwa, na bado nilijiona niko huru. Picha ambayo kompyuta ya zamani ingeitolea roho, hii iliimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nilichora upya mlango wa mbele wa zahanati, nikaupa upana ninaoutaka, nikafuta madirisha ya stoo. Jioni ilipoingia nilikuwa nimebakiza picha moja tu na karatasi ya vipimo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mkubwa alitutumia ujumbe wa simu kwamba anakuja kuiwasha. Kwanza anapiga pasi shati, alisema.

Tulizima mashine haraka, tukasafisha meza. Sawa alisimama mbele ya kioo cha kasha.

"Waya," alisema.

"Waya gani?"

"Wa diski. Huu mweusi. Wake ni wa chungwa. Ataangalia huo kabla ya kitu chochote." Alikuwa anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Tutamwambiaje? Ataumia. Waya wake, mke wangu, aliushona yeye. Tutasema nini?"

Nilikuwa na picha moja ya kumalizia. Nilikuwa na asubuhi ya kesho. Nilikuwa na mwanaume mzima anayetetemeka kwa sababu ya rangi ya waya, na hasira ikanipanda.

"Basi mtilie huo wake!" nilimfokea. "Mtilie auone, afurahi, aondoke, nifanye kazi!"

Akavuta boksi la chini ya kitanda, akachomoa waya wa chungwa kwenye pawa ya Mkubwa, akauingiza kwenye pawa yetu. Uliingia vizuri kabisa, tak, kama uliozaliwa nayo. Ramu ilikuwa na adabu ya kukataa. Waya huu ulisema sawa.

Mkubwa akapiga hodi akiwa tayari ameshafika mezani. Shati lilikuwa limenyooka, amejipaka na manukato. Alitazama kwenye kioo, akauona waya wake umepita pale mbele, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo karibu nimhurumie.

"Umependeza," alisema.

"Sana, kaka," mume wangu alijibu.

Akazunguka kwa nyuma, mkono mgongoni, kama mkaguzi. Akainama. Pale nyuma ya kasha, mgongo wa pawa saplai unaonekana, na sisi wawili na akili zetu zote tulikuwa tumesahau kwamba unaonekana. Alikaa ameinama kitambo. Nilidhani ni kiuno kimembana. Aliponyooka, tabasamu lilikuwepo bado, lakini lilikuwa limepoa.

"Na pawa yangu inatosha?"

"Inatosha, kaka."

"Na waya huu umechomekwa humo humo?"

"Humo humo, kaka."

Akasogeza kidole kwenye kitufe, akakisimamisha hewani. Akanitazama mimi, si mdogo wake. Alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

"Nibonyeze, shemeji?"

Nilikuwa nataka aondoke tu. "Bonyeza, shemeji."

Akabonyeza. Feni zilizunguka nusu mzunguko, kitu kikalia paf, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda ndani ya kioo, pale pale kwenye diski, mwishoni mwa waya wa chungwa. Mashine ikazima yenyewe. Sawa alirukia soketi ya ukutani akachomoa. Chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Nilipoigusa diski, iliniunguza vidole.

"Kazi yangu," nilisema. Sikuwa na neno lingine. "Kazi yangu. Kazi yangu."

Nikakaa kitandani. Kisha nikainama, nikaivuta pawa ya Mkubwa kutoka chini ya kitanda na stika yake na bonde lake, nikaiweka sakafuni mbele ya viatu vyake. Sikuwa na nguvu tena ya kuficha kitu.

"Pawa yako hii hapa, shemeji. Tulinunua nyingine."

"Najua," alisema Mkubwa. "Nimeona kwa nyuma."

"Mama Pini aliniambia," mume wangu alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa anatazama ukuta wa dirishani. "Nilipokwenda kuichukua. Alisema kila pawa na nyaya zake. Kwamba plagi zinaweza kuingiliana lakini ndani umeme haupangwi sawa, unapeleka mwingi panapotakiwa kidogo. Alisema nisichanganye."

"Ukasemaje?" nilimuuliza.

"Nikasema sawa."

Nilimgeukia Mkubwa. Alikuwa amekunja mikono tumboni, na mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ushauri. "Na wewe shemeji, ulilijua hilo?"

Aliugusa ufunguo mfukoni.

"Niliwahi kulisikia," alisema. "Ofisini iliungua moja hivyo hivyo."

"Sasa mbona hukusema? Kidole kiko juu ya kitufe, mbona hukusema?"

"Ningesema," alijibu polepole, "mngejua nimewaona. Mngeaibika. Nikakuuliza wewe, nibonyeze? Nikadhani utasema."

Nikacheka. Nilicheka vibaya, machozi yakinitoka, mpaka mume wangu akanishika bega. Watu wazima watatu tumesimama mbele ya kioo, kila mmoja ana kipande chake cha ukweli mdomoni, na hakuna aliyekitema kwa kuogopa kumuumiza mwenzake. Tukaichoma zahanati yangu kwa heshima na taadhima.

Mkubwa akaitazama ile diski. "Kazi haijapotea yote," alisema. "Ninayo."

"Unayo vipi?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Kumbe kila Ijumaa, mimi nikiwa naoga, alikuwa anaichukua kazi yangu na kuinakili kwenye kompyuta ya sebuleni, kwa sababu kaka yake alimwambia ni kwa usalama, naye akasema sawa. Nilitaka kuwakaba wote wawili. Pia nilitaka kupiga magoti nishukuru. Sijui binadamu anatakiwa afanye nini mambo hayo mawili yakimjia kwa pamoja.

"Nipe niiweke humu," nilisema. "Nitapata diski nyingine, hata ya kuazima."

"Jumapili hii? Maduka yamefungwa." Akatikisa kichwa, na uso wake ukaanza kurudi kuwa uso wa Mkubwa. "Na ukiipata, mimi kazi yako siitoi kwenye mashine yangu kuitia kwenye mashine iliyotoka kuchoma diski dakika hii. Hapana, shemeji. Njoo ufanyie sebuleni. Kiti kipo. Na nimefikiri: ya nini kuhangaika? Hii ichomoeni, hiyo prosesa yenu na hizo ramu tuzihamishie pale sebuleni, mashine iwe moja ya nyumba nzima. Mkataba ukija, unafanyia pale pale. Mkae tu. Chumba cha watu cha nini?"

Alikuwa amekijua chumba. Alikuwa amejua kila kitu siku zote.

Ndipo mume wangu aliponyanyua kichwa. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama mtoto anayejaribu kusoma neno gumu.

"Hapana, kaka," alisema.

Mkubwa aligeuka taratibu, kama hakuamini sauti imetoka wapi.

"Hapana," mume wangu alirudia, na safari hii lilitoka lote. "Hatuhamishi kitu. Mke wangu hakai kwenye kiti hicho. Hatutaki tena vya bure. Tunahama."

Tangu tuoane nimeliomba neno hilo. Nimelilia, nimelinunia, nimelala nikimpa mgongo kwa ajili yake. Na lilipokuja, lilikuja Jumapili ile, michoro yangu iko kwenye diski ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye anayeambiwa hapana. Nilimtazama mume wangu, amesimama wima, kifua mbele, hajawahi kuwa mzuri vile. Nikahesabu moyoni. Bila michoro hakuna mkataba. Bila mkataba hakuna chumba. Tutahama twende wapi, tukalale ndani ya hilo neno?

"Sawa, shemeji," nilisema.

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimempiga kibao.

"Sawa nini?" aliuliza.

"Nakwenda kufanyia sebuleni."

"Nimekusemea wewe!"

"Najua, mume wangu. Nimesikia. Lakini kesho ni Jumatatu."

Alivaa viatu vyake vya kutokea, akafunga kamba kwa hasira, fundo juu ya fundo. Sote watatu tulivuka ua. Mimi niliingia sebuleni, nikakaa kwenye kile kiti, nikawasha ile mashine. Kazi ya Ijumaa ikafunguka polepole: madirisha ya stoo yalikuwa yamerudi, na mlango wangu wa mbele ulikuwa umerudi kuwa ule wa kabla sijaurekebisha.

Huko nje nilimsikia mume wangu. "Kaka, nifungulie."

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Kumwona mwenye chumba. Nifungulie geti."

"Si uende kesho?"

"Hapana."

Kisha ufunguo ukalia, komeo likavutwa, geti likaguna. Nilisimama nusu. Nilitaka kukimbia nitoke naye kabla halijafungwa; miguu ilikuwa tayari. Lakini kwenye skrini picha ya kwanza ilikuwa imeanza kujitengeneza, mstari kwa mstari, kwa mwendo wake wa kinyonga, na ningeiacha ningeianza upya. Nikakaa. Geti likaguna tena, komeo likarudi mahali pake. Mume wangu alikuwa nje, mimi ndani.

Mkubwa alirudi akanipitia nyuma, akakaa kwenye kochi. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. Nilijua kwamba ameumia, na kwamba sitamgeukia.

"Atarudi," alisema baadaye, sijui kama aliniambia mimi.

Niliendelea kuchora. Nilifuta dirisha la kwanza la stoo. Nikasikia anajisogeza mbele, kochi likilia, ufunguo ukilialia mfukoni.

"Shemeji," alisema kwa upole, "huo mlango mbona bado ni mdogo? Mtu akitaka kutoka, atatokaje?"

"Sawa, shemeji," nilisema, na nikaupanua.